Nusu ya Makala Iliyobaki Baharini

Tangu Jumanne ile mnaniuliza mzee asiyeona na mzee asiyesikia vizuri walikuwa wanatafuta nini mjini kutwa nzima. Mama wa duka amesikia tulipotea. Watu wa kanisani wamesikia nilikwenda kuombewa macho. Shikuku naye, kila akisimulia, anaongeza jambo ambalo mimi sikulisikia, na mimi nilikuwa naye bega kwa bega. Basi nimeamua kusimulia mwenyewe, mara moja, mwache kunisimamisha kwenye ngazi. Ninaiambia simu nayo inaandika. Mkikuta makosa, mlaumuni huyo mwandishi wangu.

Kabla ya kutoka Mountain View

Kwa wale wageni wa ploti yetu hapa Mountain View, mimi ni Musyoka. Nilikuwa opereta wa simu katika ofisi ya serikali. Nilianza kazi ile nikiona, macho yakafifia nikiwa kitini, na nilipostaafu sikuwa naona hata mkono wangu. Marehemu mke wangu, Mwende, ndiye aliyekuwa akinisomea magazeti jioni. Alipotuacha, nyumba ikanyamaza mpaka nikawa naisikiliza friji.

Ndipo rafiki mmoja akaniingiza katika kikundi cha WhatsApp cha watu wasioona, ambamo mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke, husoma makala za majarida ya sayansi na teknolojia. Majarida yenyewe ni ya Kiingereza, ila yeye husoma huku akitafsiri, na akifika kwenye picha anaieleza, hata picha ya mwanasayansi mwenye tai iliyopinda. Hatumjui jina. Tunamwita Mwalimu. Hutuma sauti zake kwa Katibu wa kikundi, ambaye yuko Kisumu, na Katibu huziweka kikundini. Sisi wengine hatuwezi kutuma chochote. Kikundi kilifungwa zamani, kwa sababu watu walikuwa wanatuma salamu za asubuhi na picha za maua, na simu zetu zikawa zinasoma "picha, picha, picha" mpaka makala zinazama humo.

Makala ya mwisho ilihusu nyaya zilizolala chini ya bahari, zinazobeba simu na intaneti kutoka bara hadi bara. Mtu aliyekaa maisha yake yote akiunganisha watu kwa waya, niambieni, angeisikiaje makala hiyo? Sikugusa hata chai. Mwalimu akatueleza kwamba waya ukikatika, meli maalumu hutumwa kuutafuta. Hushusha ndoano hadi chini kabisa, gizani, ikakwaruzakwaruza mpaka inase upande mmoja wa waya na kuupandisha juu. Nikajiuliza, na ule mwisho mwingine je? Meli ni moja. Ikiuachia huu ikaufuate ule, huu si utazama tena? Mwalimu akasema tutaendelea sehemu ya pili. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Sijui kama kuna anayesikiliza. Kama mpo, niambieni."

Nikajibu pale pale sebuleni, "Tupo, Mwalimu," kama tunavyomjibu mhubiri. Nikalala.

Sehemu ya pili haikuja. Wiki zikapita. Nikampigia Katibu, naye akasema, "Mwalimu alisema anapumzika. Sasa hashiki simu. Anaishi Nairobi, lakini Nairobi ni kubwa, mzee wangu." Niliumia, sitaki kuzunguka. Nilimkumbuka mama yule kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya ndugu zangu wa damu. Na nilikuwa na hofu kwamba ameugua, au kwamba amekufa na hakuna aliyejua kwamba tunapaswa kuambiwa.

Masikio haya yamenilisha miaka mingi, kwa hiyo nikayapa kazi. Nilisikiliza sauti zake zote upya. Kwanza, sauti yake haikuwa na mwangwi hata kidogo, kana kwamba chumba hakina kuta. Nikajiambia kwamba hiyo ni ofisi yenye zulia nene. Pili, katika makala moja nilisikia lifti ikisema kwa Kiingereza kwamba inapanda. Zulia nene na lifti inayoongea, hapo ni Westlands, mtaa wa maghorofa ya ofisi. Sikuwa na shaka. Nilikuwa nimesikia pia kwamba jengo moja huko lina studio ya kurekodi sauti. Nikamwendea jirani yangu Shikuku, fundi rangi mstaafu kutoka Butere, anikopeshe macho.

"Tunaenda kutafuta nini?" akauliza. Sikio lake la kushoto lilikufa zamani, na la kulia linajikaza tu.

"Mwisho wa waya," nikasema.

"Basi ngoja nivae koti," akasema, bila kuuliza lolote zaidi. Ndiyo maana nampenda.

Mountain View hadi Westlands

Binti yangu alituitia teksi kwa simu akiwa kazini kwake, na hapo ndipo mkanganyiko wa siku ulipoanza. Dereva akanipigia.

"Mzee, niko hapa kwa gate. Unaniona?"

"Sikuoni."

"Nimewasha taa za hazard. Gari ni white."

"Bado sikuoni."

"Angalia hapa kando ya kibanda ya mboga, mzee. Niko na shati ya blue."

"Kijana, mimi ni kipofu."

"Pole, mzee. Ungeniambia ningepiga honi."

Akapiga. Aliyekuwa nyuma yake akadhani anatukanwa, naye akapiga, kisha barabara nzima ikapiga, na mimi nimesimama katikati sijui niifuate ipi. Kumtafuta Shikuku, hayupo. Alikuwa ameshakaa ndani ya gari jeupe la mtu mwingine, akiwasalimu watu wa gari hilo na kuwauliza habari za kwao.

Magari ya Waiyaki Way yalikuwa yamesimama. Shikuku akawa ananieleza ninachopita, kazi ambayo sikumpa. Alinieleza rangi za kuta. Kila ukuta una rangi yake, na kila rangi ina kosa la fundi. Tulipofika Westlands nilijua nyumba zote zilizopakwa rangi mara moja badala ya mara mbili, lakini sikujua tuko mtaa gani.

Katika jengo lenyewe askari wa mlangoni alitaka kitambulisho, kisha akamwuliza Shikuku, "Huyu anaenda ofisi gani?" Huyu ni mimi. Nikamwambia huyu anaenda kwenye studio. Tukaingia lifti, mlango ukafungwa, na sauti ya kike ikasema kwa Kiingereza kwamba tunapanda. Nikamshika Shikuku mkono.

Msichana wa mapokezi alikuwa mchangamfu. "Sasa wazee wangu? Karibuni sana. Mmekuja ya kusoma?"

"Tumekuja kwa ajili ya msomaji," nikasema.

"Sawa sawa. Leo tunataka wazee tu. Ingia hapo, mzee, mmoja mmoja."

Nikadhani napelekwa kwa Mwalimu. Nikakalishwa kwenye kiti, nikavikwa vitu masikioni, nikatiwa karatasi mkononi. Kijana mmoja akaniambia nisome mstari wa kwanza.

"Sioni," nikasema.

"Ni sawa, mzee. Chukua time yako."

"Nikichukua hata mwaka sitaona. Mwalimu yuko wapi?"

Shikuku, aliyekuwa amesimama mlangoni na kuchoka kungoja, akaja akainyakua ile karatasi na kuisoma kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe waliovuka mto. Lilikuwa tangazo la dawa ya kuchua magoti. Mmoja wa wale vijana akasema, "Huyu ndiye." Walitukawiza pale wakimsomesha Shikuku habari za magoti tena na tena, huku mimi nimeketi kando, nikijiuliza ni nani kati yetu aliyetoka nyumbani na shida.

Walipomaliza, fundi wa sauti, kijana waliyemwita Kevo, aliniuliza ninatafuta nini hasa. Nikamchezea sauti ya Mwalimu. Akasikiliza kwa makini, bila haraka, na kwa hilo namwombea mema.

"Mzee, hii haikufanyiwa studio," akasema. "Studio utaskia hata AC kidogo. Hapa hakuna kitu. Hii room imejaa vitu soft mpaka juu. Nguo ama mattress."

"Na lifti?" Nikamchezea ile ya lifti.

Akairudia. "Hiyo si lifti yake. Ni clip anacheza kwa simu. Article ilikuwa ya nini?"

Nikafikiri. Ilikuwa makala kuhusu mashine zinazoongea. Mwalimu alitupigia mfano, tena nadhani alisema ni mfano. Mimi nikauchukua mfano nikaujengea ghorofa nzima. Niliona aibu, na aibu ya mtu anayejisifia masikio ni kubwa kuliko ya wengine.

Westlands hadi River Road

Sasa, Kevo alisema nguo ama magodoro. Msiniulize kwa nini nilishika nguo nikayaacha magodoro. Nadhani ni kwa kuwa niliwahi kumsikia Mwalimu akisema majarida yake huyanunua kwa muuza vitabu vikuukuu pale River Road, na River Road nguo hazikosekani. Nikaviunganisha, nikamsahau muuza vitabu mwenyewe, na kiburi changu kikapata nguvu upya.

Tulitembea kiasi kwa sababu magari hayakuwa yakisogea, kisha tukapata basi. Mjini njaa ikatushika. Tukaingia kibandani, na mhudumu akasimama juu yangu na kumwuliza Shikuku, "Yeye atakula nini?"

"Mwambie yeye atakula maharagwe na chapati," nikasema.

"Matumbo mbili," Shikuku akasema, kwa imani kamili kwamba ndivyo alivyosikia. Nikala matumbo. Yalikuwa matamu, ila sikumwambia.

Tukaingia kwenye vijiduka vya nguo, kimoja baada ya kingine, mahali pa kupita kwa ubavu. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipima suti. Wa pili alikuwa mama mwenye huruma, akaniwekea kigoda nilipomwambia ninamtafuta mama mmoja.

"Unatafuta mama gani, baba?"

"Simjui kwa sura."

"Jina lake?"

"Tunamwita Mwalimu."

"Ako aje?"

"Sauti yake ni ya chini. Anavuta pumzi kabla ya kutaja namba. Akifungua ukurasa, analamba kidole kwanza."

Nikamsikia akimnong'oneza Shikuku, upande wa kushoto bahati nzuri, "Mzee, mpeleke nyumbani apumzike."

Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kunakokaribia. Nikatoa simu na kumchezea makala ya nyaya, asikie mwenyewe. Akaja jirani yake, akaja mbeba mizigo, akaja mnunuzi mwenye gauni mkononi. Kijia kikajaa. Sauti ilipokatika, yule mbeba mizigo akauliza, "Na ile end ingine wanaishika aje?"

"Ndiyo inayoniweka barabarani," nikamwambia.

Nilitamani Mwalimu angewaona. Nje, kando ya njia, mwanamume mmoja akaita, "Hebu rudia hiyo." Nikarudia mwanzo. "Huyo namjua," akasema. "Huyo ni Mwalimu wa magodoro."

Alikuwa ndiye muuza majarida mwenyewe. Akaeleza kwamba mama huyo ana duka la magodoro Dagoretti Corner, alilorithi kwa dada yake, na alikuwa akija kwake kila mwezi kuchagua majarida ya sayansi. "Lakini saa hii amewacha kukuja," akasema. "Nilimwekea mengine, akaniambia niuzie watu. Ati hakuna haja tena."

Hakuna haja tena. Maneno hayo yaliniogopesha kuliko lile neno la Katibu, kupumzika.

River Road hadi Dagoretti Corner

Mvua ilitushika Ngong Road. Basi likasimama, madirisha yakafungwa, na mtu aliyeketi mbele yetu akamenya mayai ya kuchemsha moja baada ya lingine mpaka Shikuku naye akanunua. Nilikuwa nimechoka na sikuelewa tena ninachotaka. Kama ni mgonjwa, nitamwambia nini? Kama ametuchoka, nani amenituma kumbughudhi? Mtu hatoki nyumbani kwake akavuka mji mzima kumdai mwenzake mwisho wa makala. Nilimwambia Shikuku turudi.

"Nimesharekodi tangazo," akasema. "Wewe hujapata chako. Twende."

Kwenye duka, mguu wangu wa kwanza ndani ulitosha. Kulikuwa na harufu ya sponji mpya, na kelele yote ya barabara ikafa nyuma yangu. Hata pumzi yangu haikunirudia. Nilikuwa nimesimama ndani ya kile chumba kisicho na kuta, na kilikuwa na kuta za magodoro mpaka darini.

"Karibuni," sauti ikasema. "Mnataka ya single ama double?"

Alikuwa yeye. Nikabaki nimelishika godoro la karibu. Shikuku akaona lazima aokoe jahazi.

"Hatununui, dada. Tumekuja kwa habari ya waya."

"Waya? Stima yangu iko sawa. Nani amewatuma?"

"Waya wa baharini," nikasema mwishowe. "Mwalimu, mimi ni Musyoka. Nimo kwenye kikundi chako. Tulidhani umekufa."

Nikasikia akiketi, sponji ikilia chini yake.

"Kikundi kile kilikufa kabla yangu," akasema. "Nimesoma miaka, baba. Nimesoma na homa. Nimesoma siku tuliyomzika dada yangu, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi sehemu ya tatu ya ile ya volkano. Hakuna hata mmoja aliyesema asante. Nikasema labda wana haya. Mwisho nikauliza, kama mpo, niambieni. Mkanyamaza. Mimi nilifundisha fizikia shuleni. Darasa likinyamaza hivyo, ujue madawati ni matupu."

"Tulijibu. Mimi nilijibu."

"Wapi?"

"Sebuleni kwangu."

Niliposikia nilivyosema hilo ndipo nikaelewa, na likanichoma. Yeye alikuwa ameuliza swali la kweli, na sisi tukalifanya ibada. Kila mmoja wetu, naapa, alijibu kwa sauti nyumbani kwake, akaridhika, akalala. Nikamweleza kwamba kikundi kimefungwa, kwamba hata tukitaka hatuwezi kutuma neno, na nikamweleza sababu ni yale maua ya asubuhi. Hakuwa anajua. Katibu alimwingiza kikundi kikiwa kimeshafungwa, na alichokiona humo siku zote ni sauti yake mwenyewe tu.

"Unanihurumia," akasema. "Umekuja kunifariji. Haya, kama ulikuwa unasikiliza, niambie nilisoma nini."

Nikamwambia. Nilianza na uyoga unaopashana habari chini ya ardhi, ambao mimi nilikuwa nimewaelezea watu wa ploti kwamba unanong'ona. Nikaja kwa nyota iliyojiporomokea yenyewe mpaka mwanga ukashindwa kutoka, ambayo mimi naijua kama kisima. Nikasema ile ya mashine inayochapisha nyumba.

"Inachapisha kwa kitu gani?" akauliza.

"Kwa wino. Kwenye karatasi ngumu sana. Ndiyo maana nikajiuliza mvua ikinyesha…"

"Kwa saruji, Musyoka! Inamwaga saruji, tabaka juu ya tabaka."

"Hukusema saruji."

"Nilisema mara ngapi? Na uyoga haunong'oni. Uliyasikia vibaya yote."

"Niliyasikia vibaya, Mwalimu," nikasema, "lakini niliyasikia yote."

Nyuma yangu Shikuku alikuwa amelala kwenye godoro la maonyesho, anakoroma. Mwalimu akainuka, nikasikia droo ikivutwa, nikasikia kidole kikilambwa na ukurasa ukifunguliwa.

Akanisomea sehemu ya pili. Nikamkatiza kila aya kama mwanafunzi mtundu, naye akawa ananikemea kisha anajibu. Ule mwisho wa kwanza hauachiwi, ndugu zangu. Wanauziba usiingie maji, wanaufunga kwenye boya kubwa, unabaki ukielea pale pale juu ya bahari huku meli ikienda kuutafuta wa pili. Mimi nilikuwa nimeamini kuna mtu anayeushika kwa mkono.

Tulipoagana tulipeana namba za simu, naye akasema hatarekodi tena mpaka asikie watu. "Sitaki kusoma tena nikiwa peke yangu," akasema. "Inachosha roho."

Kurudi

Ya kurudi hayana mengi, ila Shikuku aliota magoti njiani kote. Nilipofika nilimpigia Katibu, nikamweleza, na tukagombana. Alisema akifungua, maua yatarudi. Nikamwambia yarudi. Alikata simu bila kuniahidi lolote, na nikalala nikijua labda nimekwenda bure.

Kesho yake, nikiwa kwenye chai, Mwalimu akanipigia. Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke, ndogo, inayotoka katika simu nyingine, iliyofunguliwa kwenye kikundi: "Mwalimu, mimi ni Halima wa Voi. Niko tangu ile ya uyoga." Halafu mwanamume, aliyekuwa akilia au ana mafua: "Naitwa Barasa, Webuye. Ile ya nyuki nimemfundisha mjukuu." Halafu mwingine, na mwingine, na mmoja aliyeleta sala ndefu ya asubuhi. Mwalimu alikuwa anavuta pumzi kwa shida.

"Ni wengi," akasema. "Musyoka, ni wengi mno."

Nikataka kumwambia kitu. Akaniambia ninyamaze kwanza, kulikuwa na mwingine anaanza kusema.